Vinanda vya zamani vya kielektroniki

Vinanda vya zamani vya kielektroniki ni ala za muziki zenye vibonyezo kama vya piano, zinazotoa sauti kwa nguvu ya umeme, ambazo zilitengenezwa miongo kadhaa iliyopita na kwa kawaida hazitolewi tena na viwanda vyake. Kundi hili linajumuisha ogani za umeme, sintesaiza na vinanda vidogo vya nyumbani vyenye midundo iliyowekwa tayari kiwandani.

Katika nchi za Ulaya, Amerika ya Kaskazini na Japani ala hizi hukusanywa, hukarabatiwa na kuuzwa tena kwa bei ambayo mara nyingine hupita ile ya dukani zilipokuwa mpya. Nchini Tanzania, hasa Dar es Salaam, vinanda vilevile huuzwa kama bidhaa za mtumba. Tofauti ni kwamba hapa mnunuzi hukitafuta kinanda cha zamani ili akipige: kanisani, kwenye taarab, kwenye bendi, au kwenye mchiriku, muziki wa vitongoji vya Dar es Salaam uliojengwa juu ya kinanda kidogo cha Casio. Kwa sababu hiyo thamani ya kinanda nchini hutegemea mambo matatu: sauti zilizomo ndani yake, uzima wake, na kuwepo kwa fundi anayeweza kukitengeneza.

## Jina

Katika Kiswahili cha zamani neno kinanda lilitaja ala ya nyuzi ya jamii ya gambusi. Baadaye lilipanuka na kuhusisha ala zilizoletwa na wageni, yaani piano, ogani, harmoniamu na kodiani. Hata gramafoni iliitwa kinanda, na wazee wengi bado wanakumbuka maneno "kinanda cha santuri". Leo mtu akisema kinanda bila kuongeza neno lingine, wasikilizaji wengi huelewa kinanda cha umeme chenye vibonyezo. Wanamuziki hutumia pia neno kibodi.

Neno hilohilo limezaa jina mnanda, ambalo ni jina jingine la muziki wa mchiriku.

Sintesaiza ni kinanda kinachounda sauti yake chenyewe kwa saketi za umeme au kwa hesabu za kompyuta ndogo iliyomo ndani, na kumruhusu mpigaji kuibadilisha sauti hiyo apendavyo. Kinanda cha kawaida cha nyumbani hutoa sauti zilizopangwa kiwandani tu. Katika mazungumzo ya kila siku tofauti hii haizingatiwi sana, lakini kwa mnunuzi ni muhimu, kwa kuwa ndiyo inayotenganisha ala mbili zinazofanana kwa sura na kupishana mno kwa bei.

## Historia ya ala

Ogani ya umeme iliyopata soko kubwa mapema ni ile ya Hammond, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1935. Ilinunuliwa sana na makanisa yaliyoshindwa kumudu gharama ya ogani ya mabomba.

Mwaka 1964 mhandisi Mmarekani Robert Moog alitengeneza sintesaiza iliyoundwa kwa sehemu nyingi zilizounganishwa kwa waya. Mwaka 1970 kampuni yake ilitoa Minimoog, iliyokuwa ndogo kiasi cha kubebwa hadi jukwaani. Ilitoa sauti moja tu kwa wakati mmoja, hivyo haikuweza kupiga kodi. Mwaka 1978 kampuni ya Sequential Circuits, pia ya Marekani, ilitoa Prophet-5, iliyotoa sauti tano kwa pamoja na kuhifadhi sauti alizotunga mpigaji.

Kampuni za Japani ndizo zilizozisambaza ala hizi duniani. Korg ilianzishwa mwaka 1962 na Roland mwaka 1972. Yamaha, ambayo mwanzilishi wake alianza kwa kutengeneza ogani za mwanzi katika karne ya 19, iliingia pia katika soko hili. Casio, iliyojulikana kwa kikokotoo na saa, ilitoa kinanda chake cha kwanza, Casiotone 201, mwaka 1980. Ilifuatiwa na vinanda vidogo vya bei nafuu, vinavyotumia betri za kawaida na vyenye vibonyezo vyembamba vilivyofaa vidole vya mtoto.

Mwaka 1983 yalitokea mambo mawili makubwa. La kwanza ni MIDI, utaratibu wa pamoja unaowezesha vinanda vya kampuni mbalimbali kuunganishwa kwa waya na kuelewana. La pili ni Yamaha DX7. Sintesaiza hii ilitumia njia ya kuunda sauti iliyogunduliwa na John Chowning katika Chuo Kikuu cha Stanford. Ilikuwa na vibonyezo 61, ilitoa sauti 16 kwa wakati mmoja, ilihifadhi sauti 32, na iliuzwa Marekani kwa dola 1,995. Sauti zake za piano ya umeme na za kengele zilisikika katika muziki wa nchi nyingi katika miaka ya 1980. Roland ilitoa D-50 mwaka 1987, na Korg ikatoa M1 mwaka 1988. Mashine hizi mbili zilitumia vipande vifupi vya sauti zilizorekodiwa kutoka kwenye ala halisi.

## Aina

Vinanda vya zamani vinavyouzwa leo vinaweza kugawanywa katika makundi yafuatayo:

- Ogani za umeme. Ni nzito, na nyingine zina safu mbili za vibonyezo na vikanyagio vya miguu. Hupatikana zaidi katika makanisa makubwa.
- Sintesaiza za analogi, kama Minimoog, Korg Polysix (1981) na Roland Juno-106 (1984). Huunda sauti kwa saketi za umeme moja kwa moja. Ndizo zinazotafutwa zaidi na wakusanyaji wa nje.
- Sintesaiza za kidijiti, kama DX7, D-50 na M1.
- Vinanda vya midundo, hasa mfululizo wa Yamaha PSR. Vina spika zake, midundo mingi na uwezo wa kufuata kodi za mkono wa kushoto. Hili ndilo kundi linalojulikana zaidi Tanzania.
- Vinanda vidogo vya Casio, kama MT-40 (1981) na SK-1 (1985). SK-1 iliweza kurekodi sauti yoyote kwa muda unaozidi kidogo sekunde moja na kuipiga kwenye vibonyezo.

## Vinanda hivi katika muziki wa Tanzania

### Taarab

Vikundi vikubwa vya taarab vya Zanzibar, kama Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905, vilijengwa juu ya fidla, udi, kanuni, nai na kodiani. Kikundi cha namna hiyo kinahitaji watu wengi waliojifunza kwa miaka mingi. Kinanda cha kielektroniki kilileta sauti za fidla nyingi chini ya vidole vya mtu mmoja. Katika miaka ya 1990 taarab ya kisasa, iliyopata umaarufu kupitia vikundi kama East African Melody, Tanzania One Theatre (TOT) na Muungano, ilitegemea sana kinanda, gitaa la umeme na midundo ya mashine.

Kulikuwa na tatizo la kiufundi. Baadhi ya maqamu ya Kiarabu yana sauti zinazoangukia katikati ya vibonyezo viwili vya piano, na kinanda cha kawaida hakiwezi kuzitoa. Yamaha DX7II ya miaka ya 1980 ilikuwa na uwezo wa kubadilisha sauti ya kila kibonyezo kwa kiasi kidogo. Baadaye Yamaha na Korg zilitengeneza matoleo maalumu kwa muziki wa nchi za Kiarabu. Kinanda chenye uwezo huo hutafutwa na wapigaji wa taarab hata kikiwa kimechakaa.

### Kwaya na bendi

Makanisa ni watumiaji wakubwa wa vinanda nchini. Kwaya ya usharika au ya jumuiya inahitaji ala moja inayoweza kushika sauti nne za waimbaji na kuongeza ngoma na besi. Kinanda cha Yamaha PSR kinafanya kazi hiyo. Wapigaji wengi wa bendi za dansi, taarab na studio walijifunza kwanza kanisani.

Katika muziki wa dansi gitaa liliendelea kutawala, lakini kinanda kilipata nafasi yake katika miaka ya 1980 na 1990, mara nyingi kikichukua kazi ya tarumbeta na saksafoni.

### Mchiriku

Mchiriku ulianza kusikika katika vitongoji vya Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1990. Asili yake ni ngoma za Wazaramo, wenyeji wa eneo la Dar es Salaam na Pwani, zinazopigwa katika sherehe za familia. Wapigaji wa ngoma waliongeza kinanda kidogo cha Casio, wakakiunganisha na amplifaya kuukuu na spika za honi. Ala iliyotengenezwa kwa ajili ya mtoto sebuleni ikatoa sauti kali, yenye mkwaruzo, inayosikika mtaa wa pili. Mkwaruzo huo ukawa sehemu ya muziki wenyewe.

Muziki huu haukupewa nafasi kubwa redioni. Ulisambaa kwa kanda za kaseti na kwa kupigwa usiku kucha mitaani. Kikundi kilichofahamika zaidi nje ya nchi ni Jagwa Music, ambacho albamu yake Bongo Hotheads ilitolewa mwaka 2012 na kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji.

Mchiriku pamoja na taarab ya kisasa ndiyo mizizi ya singeli, muziki wa kasi uliokua katika vitongoji hivyohivyo. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso kutoka studio ya Sisso iliyoko Mburahati. Katika singeli kompyuta imechukua nafasi ya kinanda, lakini vipande vya sauti za vinanda vya zamani bado husikika, vikiwa vimekatwa na kuongezwa kasi.

## Jinsi kinanda cha bei nafuu kinavyopanda thamani

Historia ya ala hizi inaonesha jambo linalojirudia. Mashine hutolewa, hupitwa na wakati na bei yake huanguka. Vijana wasio na fedha huinunua, hutunga muziki mpya kwa sauti zake, na muziki huo huifanya itafutwe upya.

Mfano mmoja ni Roland TB-303 ya mwaka 1981, iliyokusudiwa kumsindikiza mpiga gitaa aliyekosa mpiga besi. Haikupendwa, na utengenezaji wake ulisimamishwa baada ya miaka michache. Vijana wa Chicago waliinunua ikiwa mtumba, na mwaka 1987 kikundi cha Phuture kilitoa wimbo Acid Tracks, ambao ulianzisha aina mpya ya muziki wa dansi wa kielektroniki. Leo TB-303 ni miongoni mwa mashine za bei ghali zaidi katika soko la mtumba.

Mfano wa pili ni Casio MT-40. Mmoja wa midundo yake, uliotungwa na mfanyakazi wa Casio Hiroko Okuda, ulitumiwa mwaka 1985 na mwimbaji Wayne Smith na mtayarishaji King Jammy wa Jamaika katika wimbo Under Mi Sleng Teng. Wimbo huo uliusukuma muziki wa Jamaika kuelekea ala za kidijiti.

Mchiriku wa Dar es Salaam ni mfano wa tatu wa jambo hilohilo, ingawa hautajwi mara nyingi pamoja na hiyo miwili. Tofauti iko katika hatua ya mwisho. Huko Marekani na Ulaya umaarufu wa muziki uliipandisha bei ya mashine. Dar es Salaam kinanda kidogo cha Casio kiliendelea kuhesabiwa kuwa kifaa cha kawaida, na kilipoharibika kiligeuzwa vipuri au kuuzwa pamoja na vyuma chakavu na plastiki.

Katika Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika kuna mfano mwingine, wa mwanamuziki Mhabeshi Hailu Mergia. Mwaka 1985 alirekodi jijini Washington albamu ya kodiani, piano ya umeme na sintesaiza, zikiwamo Moog na DX7. Albamu hiyo ilitolewa upya mwaka 2013 na kupata wasikilizaji wapya duniani kote.

## Biashara ya vinanda vya mtumba Dar es Salaam

### Vinakotoka

Vinanda vya mtumba huingia kwa njia kadhaa. Vingine huja katika makontena ya bidhaa mchanganyiko kutoka Ulaya, Japani na Dubai, pamoja na redio, televisheni na vyombo vya nyumbani. Vingine huletwa na Watanzania wanaorudi kutoka ng'ambo, au hutolewa na makanisa ya nje kwa makanisa rafiki. Kundi la tatu ni vile vilivyokwisha kutumika nchini: bendi imevunjika, kwaya imenunua kipya, au familia inauza mali ya marehemu.

### Wauzaji

Kituo kikuu cha biashara ya vifaa vya muziki ni Kariakoo, penye maduka ya vipya na vya mtumba. Mwenye mzigo mara nyingi hauzi mwenyewe. Winga humtafuta mteja mtaani au mtandaoni na kupata cha juu, yaani kile kinachozidi bei aliyopewa na mwenye mali. Wafanyabiashara wanaoaminiana hupeana mzigo kwa mali kauli, yaani mchukuaji hulipa baada ya kuuza. Siku hizi picha za vinanda hutumwa kwa simu, na malipo hufanywa kwa fedha za mtandao wa simu.

Kwa wauzaji wa nje kuna masoko ya intaneti kama eBay, na Reverb iliyoanzishwa Chicago mwaka 2013 kwa ajili ya ala za muziki pekee. Masoko hayo yamewawezesha wauzaji wa Dar es Salaam kulinganisha bei. Yamewaletea pia matarajio yasiyo sahihi, kwa sababu bei inayoombwa mtandaoni si lazima iwe bei iliyolipwa, na gharama ya kusafirisha ala yenye uzito wa kilo 15 hadi nchi nyingine inaweza kumaliza faida yote.

### Wanunuzi wa vitongoji

Chamazi ni kata ya Wilaya ya Temeke, katika barabara inayotoka Mbagala Rangi Tatu. Inafahamika kitaifa kwa uwanja wa Azam Complex wa klabu ya Azam. Kama ilivyo kwa kata nyingine za pembezoni mwa jiji, mashamba ya zamani yamegeuka viwanja vya nyumba, na wakazi wapya wameungana na wenyeji Wazaramo. Mahali pa namna hii huwa na makanisa machanga, vikundi vya sherehe na vijana wenye studio za chumbani. Wote wanahitaji kinanda, na wachache wana uwezo wa kununua kipya.

Ndiyo maana soko la kinanda cha mtumba la vitongoji lina sheria zake. Mnunuzi wa kanisa huuliza kwanza kama kina spika zake na midundo ya kutosha. Mpigaji wa sherehe huuliza kama kinaweza kutumia betri, kwa kuwa umeme hukatika. Mpigaji wa taarab huuliza sauti za fidla na uwezo wa kurekebisha maqamu. Sintesaiza ya analogi, ambayo mkusanyaji wa London angeigombea, inaweza kukaa muda mrefu bila mteja kwa sababu haina spika wala midundo. Muuzaji asiyejua hili huipoteza kwa bei ya kutupa. Anayejua huiweka kando akingoja mnunuzi wa nje.

### Yanayoamua bei

Bei huwa ya maelewano. Mambo yanayoiamua zaidi ni haya:

- Uzima wa vibonyezo vyote na vitufe vyote.
- Idadi na ukubwa wa vibonyezo. Vibonyezo 61 vya ukubwa kamili hupendwa kuliko vidogo.
- Kuwepo kwa adapta yake halisi, stendi na kitabu cha maelekezo.
- Jina la kampuni. Yamaha huuzika haraka kwa sababu mafundi wanaifahamu na vipuri vyake hupatikana.
- Hali ya sura, ingawa hili lina uzito mdogo kuliko linavyopewa na wakusanyaji wa nje.

## Kukagua kabla ya kununua

Umeme. Tanzania hutumia umeme wa volti 230. Japani hutumia volti 100 na Marekani volti 120. Kinanda kilicholetwa kutoka nchi hizo na kinachochomekwa moja kwa moja ukutani kinaweza kuungua mara moja. Kabla ya kuwasha ni lazima kusoma kibandiko cha nyuma. Kikiandikwa volti 100 au 120, kinahitaji transfoma ya kupunguza umeme.

Adapta. Vinanda vidogo hutumia adapta ya volti chache, na hapa kosa ni rahisi. Adapta nyingi za zamani za Casio zina hasi katikati ya ncha, wakati za Yamaha zina chanya katikati. Ncha zinaweza kuingia bila shida huku nguzo zikiwa kinyume, na saketi ikaharibika. Mchoro mdogo wa nguzo huwa umechorwa karibu na tundu la adapta.

Sehemu ya betri. Betri zilizosahauliwa ndani kwa miaka huvuja na kula vyuma vya mguso. Kutu ya rangi ya kijani au unga mweupe ni dalili yake.

Vibonyezo. Mnunuzi abonyeze kila kimoja, kwa upole kisha kwa nguvu. Kisichotoa sauti, au kinachotoa sauti kubwa kupita kiasi, mara nyingi kina uchafu kwenye mpira wa mguso, na hilo hutengenezeka. Kikundi cha vibonyezo vilivyokufa kwa mpangilio unaojirudia huashiria tatizo la saketi, ambalo ni gumu zaidi.

Wadudu na chumvi. Hewa ya pwani ina unyevu na chumvi inayoozesha mguso wa vyuma. Mende na sisimizi hupenda kukaa ndani ya kinanda kisichotumika. Kukitikisa taratibu na kusikiliza kinachogongana ndani ni njia ya haraka ya kujua hali.

## Ukarabati

Kazi nyingi za kukarabati vinanda hufanywa na mafundi redio. Fundi hufungua kinanda, husafisha mpira wa vibonyezo kwa spiriti, hulehemu upya tundu la adapta lililolegea na kubadilisha kapasita zilizokauka. Kazi hizo hazihitaji vipuri maalumu.

Ugumu huanza kwenye vipuri visivyotengenezwa tena. Roland Juno-106 ina vijenzi vya sauti vilivyofunikwa kwa gundi ngumu, ambavyo hufa kimoja baada ya kingine. Korg Polysix ina betri ya kuchajiwa kwenye ubao wa saketi, na betri hiyo ikivuja hula nyaya nyembamba za ubao huo. Kwa sababu hii mafundi hawatupi kinanda kilichokufa. Vinanda viwili vibovu vya aina moja huweza kutoa kimoja kizima.

Baadhi ya vinanda vya miaka ya 1990 huhifadhi nyimbo na midundo kwenye diski za sumaku za inchi 3.5. Diski hizo zimeadimika na visomeo vyake huharibika. Kuna kifaa mbadala kinachowekwa mahali pa kisomeo na kutumia kumbukumbu ya USB.

## Kuhifadhi

Hasara kubwa katika biashara hii haionekani kwa macho. Sintesaiza nyingi za miaka ya 1980 hutunza sauti alizotunga mpigaji kwa msaada wa betri ndogo ya ndani. Katika DX7 betri hiyo imelehemiwa kwenye ubao. Ikiisha, au fundi akiitoa bila kunakili yaliyomo, sauti zote hufutika. Mashine itawaka na kupiga, lakini sauti ambazo mpigaji alizirekebisha kwa miaka, na ambazo zilikuwa alama ya kikundi chake, hazipo tena.

Sauti za aina hii ni sehemu ya historia ya muziki. Wimbo wa taarab wa miaka ya 1990 unaweza kusikika leo kutoka kwenye kaseti, lakini sauti yake ya fidla za umeme haiwezi kupigwa upya kwa usahihi bila mashine ileile yenye mpangilio uleule. Vivyo hivyo mchiriku, ambao sehemu kubwa ya rekodi zake ilikuwa kwenye kaseti, unategemea kinanda, amplifaya na spika zilizotumika pamoja.

Kunakili sauti hizo si kazi ngumu. DX7 na sintesaiza nyingi zilizokuja baada ya mwaka 1983 zinaweza kutuma kumbukumbu yake yote kwa waya wa MIDI hadi kwenye kompyuta, kwa muda wa sekunde chache. Faili linalopatikana ni dogo na linaweza kutunzwa kwenye simu. Hatua zinazofaa kwa mwenye kinanda, muuzaji au kikundi ni hizi:

1. Kunakili kumbukumbu kabla ya kubadilisha betri na kabla ya kuuza.
2. Kuandika jina la kinanda, toleo lake, aliyekipiga, kikundi na miaka kilipotumika.
3. Kurekodi kila sauti muhimu ikipigwa peke yake, hasa kwa vinanda vidogo visivyo na MIDI.
4. Kuondoa betri za kawaida kinapowekwa bila kutumika, na kukifunika dhidi ya vumbi na wadudu.
5. Kutokitupa kilichokufa kabla fundi hajachukua vipuri.

Zipo taasisi zinazofundisha na kutunza muziki, zikiwemo Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi (DCMA) kilichoanzishwa Zanzibar mwaka 2002 na Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa). Kazi ya aina hii kwa kawaida hulenga ala za asili kama kanuni, udi, marimba na zeze, kwa kuwa ndizo zinazoonekana kuwa urithi. Kinanda cha plastiki kutoka Japani hakina sura ya urithi. Hata hivyo kwa mchiriku na taarab ya kisasa ndicho chombo kilichobeba muziki huo, kama udi ulivyoubeba muziki wa kizazi kilichotangulia.

## Hali ya sasa

Programu za kompyuta na simu zinaweza kuiga sauti za DX7, M1, Minimoog na vinanda vya Casio kwa ukaribu mkubwa, na kampuni kadhaa zimetoa upya mashine zake za zamani kwa umbo dogo. Kwa mtayarishaji wa singeli mwenye kompyuta moja, programu hizo zinatosha.

Kwa kwaya na vikundi vya sherehe kinanda kinachoshikika bado kinahitajika, kwa kuwa kinawashwa na kupigwa papo hapo bila kompyuta. Hivyo vinanda vya miaka ya 1990 na 2000 vinaendelea kuuzwa, kutengenezwa na kuuzwa tena, na kimoja huweza kupita kwa wamiliki watatu au wanne kabla ya kuishia kwa fundi kama vipuri. Kila kinapobadilisha mikono bila kumbukumbu yake kunakiliwa, mwenye mpya kwa kawaida hurudisha mipangilio ya kiwandani, na sauti za aliyetangulia hufutika.